Kitambaa Mbele ya Mkwe

Siku hizi watu husema barakoa. Mwaka wa sabini na nane, kule Ikambo, kwenye milima inayouangalia mji wa Mbeya kwa juu, neno hilo halikuwa limefika. Watu walisema kitambaa, na kila mtu alijua ni kitambaa gani: kipande cha amerikani chenye kamba nne, mbili za kufunga utosini na mbili za kufunga kisogoni. Vilishonwa vyote na mwanamke mmoja, Damari mke wa katibu, kwa cherehani yake mwenyewe, vipande mia tatu na ushee, mpaka dole gumba likaota sugu.

Alishona kwa sababu mumewe alimwomba. Asukile alikuwa katibu wa kijiji, mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye kalamu mbili mfukoni na sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi mezani. Kifua kilipoingia, kile kikohozi cha homa kilichokuwa kikiondoka na wazee wawili watatu kila wiki, yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mwisho akasoma sheria. Hakuna kutoka hadharani bila kitambaa; atakayeonekana uso wazi atachimba siku saba choo cha nyumba ya wagonjwa. Hakuna kutembeleana wala kukusanyika, hata kwa msiba. Na hakuna kuvuka kizuizi cha barabara kuu bila kibali chenye mhuri wa kijiji, na kibali hakitolewi ila kwa msiba wa mzazi, tena mtu mmoja tu kwa kila nyumba. Mhuri alikuwa nao Asukile.

"Nikimpendelea mmoja, wote watavua," alimwambia mkewe walipofika nyumbani. Damari alimwona mkubwa siku ile. Kuna wanawake wanaojivunia mume mwenye ng'ombe, kuna wanaojivunia mume mwenye kifua kipana. Yeye alijivunia mume asiyepindika, na alijivunia kwa moyo wake wote, hilo lisisahaulike.

Jambo jingine la kujua ni la mkwe. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakumtazama baba wa mumewe. Hakuketi naye, hakula mbele yake, hakulitaja jina lake. Akimwona kwa mbali aliacha njia, akaingia majanini na kugeuza uso mpaka apite. Mkwe naye alikuwa na adabu yake: alikohoa mapema kabla ya kona, ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Zamani haikuwa taabu kubwa, kwa sababu akina baba na wana wao waliooa walikaa vijiji mbalimbali. Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, watu wakapangwa mistari kwa mistari, wala hakuna aliyeuliza nani ni mkwe wa nani. Mzee Isakwisa, baba yake Asukile, akapewa kiwanja hatua mia mbili kutoka mlango wa mwanawe.

Tangu hapo Damari aliishi roho juu. Kwenda kisimani alizunguka. Kwenda kanisani alitangulia mapema au alichelewa. Wanawake wenzake walimsaidia. Wakimwona mzee anakuja walisema "mkwe" kwa sauti ya chini, naye alitoweka. Vijana wengi walikuwa wameanza kuilegeza mila hiyo na mchungaji mwenyewe aliiona ya kizamani, lakini Mzee Isakwisa hakulegeza, na Damari alimheshimu kwa hilo. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, alichokijua kuhusu baba mkwe wake ni koti refu jeusi, fimbo, na kikohozi cha kwenye kona. Sauti yake hakuwahi kuisikia ikisema sentensi nzima. Na mzee naye, kwa adabu hiyo hiyo, hakuujua uso wa mke wa mwanawe.

Basi, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, dereva wa lori la ndizi aliacha karatasi kizuizini. Ilikuwa imeandikwa na Andendekisye, kaka yake Damari, kutoka kwao Tukuyu. Mama ameshikwa na kifua, hali si nzuri, anakuulizia.

Asukile alikuwa anakula. Aliisoma karatasi, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Pole, Mama Yotamu. Lakini kwenda kumwona mgonjwa si sababu. Unaijua sheria."

"Ni mama yangu."

"Kila mtu hapa ana mama. Nikikupa wewe, kesho watajipanga mlangoni, nami nitawaambia nini?"

 Damari alikwenda jikoni akakaa karibu na moto, akalia kidogo, kisha akajiambia kwamba mume asiyepindika hapindiki hata kwako. Aliona kuwa ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Alhamisi alfajiri ikaja karatasi ya pili. Mama amefariki. Tunakusubiri mpaka kesho jua likizama, tusipokuona, tutazika.

Damari alikuwa binti pekee wa mama yake. Kwao, binti ndiye anayeingia wa kwanza uani na kukianzisha kilio, na wanawake wengine wote humfuata yeye. Msiba usio na binti husemwa miaka. Alichukua khanga mbili, akazifunga kwenye kitenge, akaenda kusimama mbele ya mumewe aliyekuwa ananyoa ndevu.

"Sasa ni msiba," alisema. "Msiba wa mzazi. Niandikie."

Asukile aliweka wembe chini, akaisoma ile karatasi aliyompa. Alimshika mabega, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko mengi, kwamba alimshika mabega.

"Wilaya imefunga, mke wangu. Barua ilifika juzi. Vibali vya misiba havitolewi tena kabisa, kwa mtu yeyote. Sikutaka kukuambia wakati mama yuko hoi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Na mimi nimeitwa semina Iringa leo hii, makatibu wote, mambo ya ugonjwa huu huu. Siku tano. Ningekuwa na uwezo ningekwenda kuzika badala ya kukaa darasani kusikiliza hotuba."

Damari alirudisha khanga sandukuni. Kisha akawasha mkaa, akajaza pasi, akampigia mumewe shati la semina. Machozi yalidondoka kwenye kola, naye akapitisha pasi juu yake, yakakauka.

Ijumaa jioni alikaa nyuma ya nyumba akiangalia upande wa mlima Rungwe. Jua lilipozama alijua kwamba kule wameacha kumsubiri. Alitaka kupiga yowe lakini mtu analiaje peke yake? Kilio ni cha watu wengi. Hakuna jirani aliyekuja, sheria ilikataza. Wachache walipita mbali na uzio, wakainua mkono na kwenda zao. Alikaa pale mpaka watoto walipomwita kuwa wana njaa.

Wiki tatu zikapita. Asukile alikuwa amerudi kutoka semina mchangamfu, amemletea sabuni ya kunukia. Damari alifunga nguo nyeusi na kuendelea kupalilia viazi, kwa sababu viazi havijui msiba.

Jumamosi moja likaja lori la sukari kwenye duka la kijiji. Sukari ilikuwa imeadimika miezi miwili, na ile ilikuwa ya vijiji vitatu, kwa hiyo walikuja watu hata wa ng'ambo ya korongo ambao Ikambo haiwajui. Saulo, mgambo, alikuwa amelaza magogo uwanjani hatua kumi kwa kumi, watu wawili kila gogo, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile. Mwenyewe alizunguka na daftari la kuandika wavunja sheria. Kila mtu alikuwa macho mawili juu ya amerikani. Wake walipita karibu na waume zao bila kuwatambua, na watoto waliwafuata mama wasio wao.

Damari alipangiwa gogo la nne. Alikuwa amejifunika khanga nyeusi kichwani mpaka kwenye nyusi, na kitambaa chini ya macho. Ncha ya pili alikaa mzee mwenye koti jipya la kijivu na kofia ya sufu iliyovutwa masikioni. Hakuna aliyekuwa karibu wa kusema "mkwe", na hata angekuwapo, angemtambuaje?

"Ugonile, mwanangu," mzee alimsalimia.

"Ndaga, baba. Mwagonile."

Foleni haikusogea. Dukani walikuwa bado wanatafuta mizani. Hakuna mtu mwenye hamu ya maneno kama mzee aliyekaa wiki tatu bila mtu wa kumsalimia, na huyu hakuchukua muda.

"Nakuona umevaa nyeusi. Umefiwa na nani?"

"Mama yangu."

"Pole. Pole sana, mwanangu. Ulimzika?"

"Sikupata kibali."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Wewe utakuwa wa ng'ambo ya korongo. Katibu wenu wa kule ni mgumu, nimesikia. Ungevuka ukaja huku kwetu. Ungeuliza nyumba ya baba yake katibu, ukanieleza, ningemwambia Asukile akuandikie. Huyu wangu ana roho nyepesi."

 Kila kitu alichofundishwa Damari tangu siku ya ndoa kilimwambia ainuke, ageuze uso, akimbie. Ameketi gogo moja na mkwe. Amemsalimia. Alikuwa ameshaanza kujiinua, mkono mmoja juu ya gome la mti, mzee alipoongeza:

"Mimi aliniandikia bila hata kuniuliza, tukaenda naye mpaka Iringa."

Akaketi tena. Semina ya makatibu ilikuwa na kazi gani na mzee asiyejua kusoma? Moyo ulimwambia asiulize, maana swali hilo likitoka halirudi. Aliuliza.

"Iringa kulikuwa na nini, baba?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwe akijua kwamba ni mkwe. Mzee aliangalia huku na huku, akasogea kidogo kwenye gogo.

"Harusi. Lakini haya usiyapeleke mbali. Mwanangu ameoa mke wa pili, Kihesa pale Iringa, binti mmoja mpiga chapa, Yudith. Watu wa heshima. Koti hili ni la kwao, wamenivisha wenyewe."

"Na huyu wa hapa?"

"Wa hapa siwezi kumsema vibaya. Uso wake sijawahi kuuona, ndivyo inavyotakiwa, na yeye ni mwenye adabu, ananikwepa vizuri sana. Lakini jembe lake nimeliona. Viazi vya bonde lile lote ni mikono yake. Ndiyo maana tumekubaliana asiambiwe mpaka viazi vitoke. Akijua leo atarudi kwao, na ekari mbili zile atazivuna nani?"

Damari alitazama mikono yake. Udongo wa viazi ulikuwa bado kwenye kucha.

"Harusini mlifunga vitambaa?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hilo. Pengine kwa sababu alivishona.

Mzee alicheka, kitambaa kikavimba. "Pombe unainywaje na kitambaa? Tulicheza uso wazi siku mbili, na bwana harusi ndiye aliyekuwa mbele. Akasema ugonjwa haujui njia ya Kihesa."

"Ilikuwa lini, baba?"

"Tuliondoka Alhamisi, wiki tatu sasa." Akashusha sauti. "Mkewe huyu wa hapa naye alifiwa siku hizo hizo. Na mama, kama wewe. Mimi nilimwambia Asukile tuahirishe, mwache mwanamke akazike, harusi itakuwapo tu. Akasema wenyeji wameshapika pombe, na mke akienda Tukuyu watoto atabaki nao nani. Akasema atamtuliza. Na kweli alimtuliza, maana nyumba yangu iko karibu, sikusikia kelele."

Hakusikia kelele. Damari alilikumbuka shati, na mikono mabegani mwake, na sabuni ya kunukia aliyoiona ni huruma. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na si na mumewe peke yake. Ukoo ulikuwa umekaa, ukapima kilio chake na viazi, viazi vikawa vizito. Hakumchukia mzee. Ajabu ni hiyo: katika wote, huyu peke yake ndiye aliyesema mwache akazike, na huyu ndiye asiyeruhusiwa kumtazama. Lakini hasira ilikuwa imeshapanda, na haikuchagua.

Alipeleka mikono kisogoni, akafungua kamba mbili za chini. Akafungua za juu. Akashusha khanga mabegani, akamgeukia.

"Mama, kitambaa," Saulo alisema kutoka mbali, akifungua daftari.

"Nitazame, baba," Damari alisema. "Mimi ndiye wa viazi. Mimi ndiye uliyekosa kusikia kelele zake. Nitazame vizuri, Isakwisa, mtu akikuuliza uweze kusema umemwona."

Mzee alitazama kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba asitazame. Kisha akaelewa. Alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga moto, akavuta lile koti la kijivu mpaka juu ya kichwa, akainuka bila fimbo. Alitoka uwanjani akijikwaa, akaingia kwenye majani kando ya njia na kusimama huko amegeuka, kama ambavyo mwanamke yule alikuwa amesimama mara mia kwa ajili yake.  Watu wa magogo ya karibu walikuwa wamesikia jina likitajwa, na wasiosikia waliona uso.

Damari hakujifunga tena. Saulo alimwandika, mkono ukisita, maana alikuwa akimwandika mke wa katibu kwa kukosa kitambaa alichokishona mwenyewe. Alimwambia aende nyumbani asubiri. Damari akasema atasubiri hapo hapo.

Kabla ya saa tisa mwenyekiti wa kijiji alikuwa amefika. Kalinga alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya polepole, na siku hiyo ilikuwa polepole zaidi kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kitandani. Kifua kilimlaza karibu mwezi mzima. Alikaa kwenye kiti mbele ya duka. Wajumbe walisimama mbali mbali, na waliokuja kwa sukari hawakuondoka hata mmoja. Asukile alikuja kwa haraka kutoka ofisini, daftari la vibali kwapani, kalamu mbili mfukoni, kitambaa kimefungwa sawasawa.

Alimtazama mkewe, akayatazama majani alikosimama baba yake, na Damari aliona macho yake yakihesabu kiasi gani kimejulikana.

"Mama Yotamu," alisema kwa upole. "Funga kitambaa. Twende nyumbani tuzungumze."

"Nimeshtakiwa," Damari alisema. "Nisomewe."

Saulo alisoma. Uso wazi hadharani. Mzee mmoja akaongeza kutoka pembeni: na uso wazi mbele ya mkwe, na jina la mkwe kinywani. La kwanza lilikuwa na siku saba za kuchimba. La pili, mzee huyo alisema, lilitaka ng'ombe kutoka kwao mwanamke, na wa kwao walikuwa ndani ya msiba. Kalinga alimwuliza mshtakiwa kama anakubali.

"Yote mawili nakubali, mwenyekiti. Nitachimba. Lakini nina swali. Ile barua ya wilaya iliyofunga vibali vya misiba, ilikuja lini?"

Kalinga alikunja uso. "Barua gani, mama?"

"Mwenyekiti, hayo ni mambo ya ofisi," Asukile alisema. "Na mwanamke huyu ana majonzi, hayuko sawa. Tusimchoshe."

"Hakuna barua ya hivyo," Kalinga alisema. "Msiba wa mzazi, mtu mmoja kila nyumba, haijabadilika hata siku moja." Alimtazama Damari kwa mshangao. "Na nyumba yenu ilipewa kibali. Nilikiwekea saini mwenyewe, nikiwa kitandani. Nilisema moyoni, bwana mwema huyu, mkewe amezidiwa na majonzi, anakwenda kumzikia."

Aliomba daftari. Asukile hakulitoa mara moja. Ilibidi Kalinga anyooshe mkono na kuuacha hewani, na watu wote wakiutazama, mpaka daftari likafika. Alifungua akitafuta kwa kidole.

"Alhamisi, tarehe kumi na nane, mwezi wa tano," alisoma. "Asukile, katibu. Kwenda: Iringa. Sababu ya safari: kumzika mama mkwe." Kidole kikashuka. "Na chini yake, Isakwisa, nyumba nyingine. Iringa. Msiba huo huo." Kisha akasoma tena kimya, midomo ikitembea chini ya kitambaa, na alipofika kwenye lile neno Iringa akasimama. "Kwenu si Tukuyu, mama?"

"Ni Tukuyu."

"Nilikuwa na homa," Kalinga alisema, si kwa mtu yeyote hasa. "Niliona msiba, nikatia saini. Sikutazama mahali."

Damari alisimama pale. Mke wa pili angeweza, baada ya miaka, kummeza. Wanawake wengine wamemeza. Uongo wa barua angeweza kuuita woga. Hata viazi. Lakini huyu mtu aliichukua ile karatasi ya kaka yake, mama amefariki, akaisoma, akaona ndani yake njia ya kupita kizuizini. Maiti ya mama yake ilikuwa bado haijaoshwa, na tayari ilikuwa imemfungulia mume wa binti yake barabara ya kwenda kucheza ngoma. Na wale askari wa kizuizini walimwambia pole. Lazima walimwambia pole, naye alizipokea.

"Walikupa pole kizuizini?" alimwuliza.

Asukile aliinamisha macho. "Damari, ilikuwa ni karatasi tu. Sababu nyingine hawazikubali."

 Mwanamke mmoja gogo la pili alifungua mdomo, kisha akaangalia chini. Damari alimgeukia mwenyekiti.

"Niandikie kibali. Niende Tukuyu nikalione kaburi, nilie na wenzangu. Nikirudi nitachimba siku zangu saba, na kama ni kumi, kumi."

Kalinga aliligeuza daftari, akaligeuza tena. Alikuwa mtu mwema, lakini mbele yake walisimama watu wa vijiji vitatu, na wengi wao walikuwa wamezikiwa wazazi bila wao kuwapo.

"Mama," alisema, "sheria ni mtu mmoja kwa kila nyumba. Kwa msiba huu, katika daftari, nyumba yenu ilishakwenda kuzika."

"Basi niandike kama nyumba nyingine," Damari alisema.

Asukile aliinua kichwa. Kalinga alimtazama mwanamke yule, uso wake wazi mchana kweupe, bila chozi. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja, akamwuliza jina la mwenye nyumba.